Kopo Moja Tu Mezani

Marlys Tandberg alikuwa akishuka kwenda chumba cha chini na kapu la nguo za kufua, na kabla hajaifikia mashine akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika nyumba ile tangu azaliwe: mtungi wa kupimia baruti ulikuwa umejaa hadi nusu, na mezani hapakuwa na kopo.

Akalitua kapu ngazini.

Benchi la baba yake liliegemea ukuta wa kaskazini, chini ya kidirisha kilichokuwa usawa wa nyasi za nje. Hapo ndipo Orville Tandberg alipojitengenezea risasi tangu ujana wake, enzi alipokuwa akinoa misumeno katika kiwanda cha mbao kando ya mto Bitterroot. Maganda yaliyokwisha kutumika aliyaosha, akayanyoosha, akayatia fataki mpya, akayajaza baruti, kisha akayaziba kwa kichwa kipya cha shaba. Kazi hizo zote, alikuwa akisema, hata tumbili aliyefundishwa angeziweza, isipokuwa moja: kuchagua baruti.

Kwa maana baruti si ya namna moja. Ipo iwakayo upesi, inayofaa ganda fupi la bastola. Na ipo iwakayo polepole, inayousukuma mzigo wake taratibu katika mtutu mrefu wa bunduki ya kuwindia. Ukiitia ile ya bastola katika ganda la bunduki kwa uzito wa ile nyingine, chuma hakiwezi kuistahimili. Hupasuka, na kinapopasukia ni karibu na jicho la mwenye kulenga. Orville hakuyaita makopo yake kwa namba walizoandika watengenezaji. Aliyapa majina ya watu. Baruti aliyoipenda kuliko zote aliiita Mchungaji, kwa sababu ilianza taratibu, ikaendelea kwa muda mrefu, na haikujali kama kanisani mna baridi au joto. Nyingine iliyofanana nayo kwa sura, vijiti vidogo vya kijivu mfano wa ncha za penseli, aliiita Mswidi. Na ile ya bastola, iliyokuwa vipande bapa kama pilipili manga iliyopondwa, aliiita Gladys, jina la dada wa marehemu mkewe, mwanamke aliyekuwa akilipuka hata kabla hujafunga mlango.

Sheria ya benchi ilikuwa moja. Kopo moja tu mezani. Unalitoa kabatini, unajaza mtungi, unaliacha kopo limesimama mbele ya mtungi ili jina lake likutazame kila unapoinua mkono wa kupimia. Ukimaliza, baruti iliyosalia unairudisha katika kopo lilelile, kopo unalirudisha kabatini, ndipo unaruhusiwa kwenda hata chooni. Mtungi wenye baruti na meza isiyo na kopo maana yake ni moja: hakuna anayejua tena kilichomo. Na baruti isiyojulikana hairudishwi popote, wala haikisiwi; humwagwa nje kwenye nyasi, ikaoza na mvua na kuwa mbolea. Marlys aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma.

Alimkuta baba yake jikoni, anakula pai ya tufaha kwa kijiko.

“Baba, kwenye mtungi kule chini mna baruti.”

“Ni mtungi wa baruti huo. Ulitaka mwe na supu?”

“Ni ipi?”

“Mchungaji. Nimemaliza boksi la Wendell. Jumamosi msimu wa kuwinda unafunguliwa, au umesahau? Halafu wanasema mimi ndo ninayesahau.”

“Kopo lake halipo mezani.”

Kijiko kilisimama hewani, kisha kikaendelea na safari yake. “Basi nimelirudisha.”

“Kabla ya kurudisha baruti?”

“Marlys, nakula.”

Akamwacha ale. Akaosha vyombo, akafuta meza, akazungumza habari za bei ya nyasi kavu dukani alikofanya kazi, pale walipouza chakula cha mifugo. Kisha, huku akining'iniza kitambaa, akauliza kama mtu aliyepitiwa, “Hivi ulisema ni ipi ile?”

“Mswidi,” akajibu Orville bila hata kugeuka.

Marlys aliendelea kukinyoosha kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimenyooka.

Daktari wa mjini Missoula alikuwa ameshawaambia, wakati wa majira ya kuchipua, kwamba kumbukumbu za Orville zinaanza kupotea. Orville mwenyewe aliuita ugonjwa ule kutu. “Leo kutu imenipanda,” angesema akilikosa jina la mtu, na wote wakacheka, kwa kuwa kulikuwa bado na nafasi ya kucheka. Mwezi wa saba Marlys alichukua funguo za lori. Hakuzificha wala hakusingizia kwamba lori limeharibika, kama wenzake dukani walivyomshauri. Alimkalisha baba yake, akamwambia usoni sababu, neno kwa neno. Aliamini kwamba mtu mzima hadanganywi, hata kwa kuonewa huruma. Kwamba ukimdanganya umekwisha kumzika akiwa anakutazama. Orville alinuna, hakula mezani kwa siku kadhaa, lakini hatimaye alisema, “Angalau hukunifanya mjinga.” Maneno hayo Marlys aliyashika kama mtu anavyoshika ukingo wa ngazi.

Lakini lori lilikuwa lori. Hili lilikuwa benchi. Akimwondolea hili, baba yake angebaki nani? Na asipomwondolea, kulikuwa na boksi la risasi rafuni, lililokwisha kujazwa, na Wendell mwenyewe alikuwa anakuja kulichukua alasiri ileile.

Katika bonde lile mtu atakuazima farasi, atakuazima lori, hata nyumba yake atakuachia ukipata msiba. Lakini hafyatui risasi iliyoshindiliwa na mkono wa mwingine. Si dharau. Ni adabu ya kazi, na kila mtoto hufundishwa kabla hajaruhusiwa kugusa bunduki. Wendell Kuhns ndiye peke yake aliyeivunja adabu hiyo, na aliivunja kwa ajili ya mtu mmoja tu. Tangu walipokuwa wakifanya kazi pamoja kiwandani hakuwahi kwenda kuwinda elki, wale wanyama wakubwa wenye pembe kama miti iliyokauka, kwa risasi nyingine isipokuwa ya Orville. Watu walipomshangaa, alijibu kwamba mkewe anamkata nywele na Orville anamshindilia risasi, na kwamba kati ya hao wawili mwenye kumtia hofu ni mkewe.

Alifika saa ile ya kahawa, na soseji ya moshi imefungwa katika karatasi.

“Orv! Bado uko hai?”

“Niko hai ili nikuudhi. Ingia, unaleta baridi.”

“Redio inasema leo theluji.”

“Afadhali. Labda mwaka huu utaona nyayo, maana elki wenyewe huwaoni.”

“Mwaka jana si nilimpata?”

“Mwaka jana yule mnyama alikufa kwa uzee. Wewe ulipita karibu tu ukamwangukia.”

Wendell alicheka hadi akakohoa, akamkonyeza Marlys, akavuta kiti. Orville alikwisha kushuka na kupanda tena, na boksi lilikuwa mkononi mwake. Alilitua mbele ya rafiki yake kwa namna alivyolitua kila mwaka, kifuniko kimefunguliwa, risasi zimesimama safu kwa safu, vichwa vinang'aa. Palikuwa na fahari katika mkono ule, na Marlys aliiona, na kwa kuiona alijua kwamba akingoja dakika moja zaidi hataweza.

“Wendell,” alisema, “usizichukue hizo.”

“Marlys,” akasema baba yake.

“Nimekuta mtungi una baruti na mezani hakuna kopo. Nimemuuliza Baba mara mbili, amenitajia baruti mbili tofauti. Sijui humo ndani mna nini. Na yeye hajui.”

Birika lilikuwa likichemka. Hakuna aliyeinuka.

“Umemwambia rafiki yangu,” alisema Orville taratibu, “kwamba nitampofua.”

“Nimemwambia sijui.”

“Nimeanza kumshindilia huyu risasi wewe hujaota meno!”

“Najua, Baba.”

“Hujui! Mwaka huu lori. Sasa benchi. Kesho utanivua suruali unibadilishe nepi?”

Wendell alikuwa akiitazama safu ya mbele ya risasi kana kwamba ameandikiwa kitu pale. Alikuwa mtu mzito wa mwili, mwenye uso mwekundu wa baridi, na maneno ya huruma hayakumjia kwa urahisi. Kwa hiyo alifanya alichoweza. Alinyoosha mkono kulivuta boksi.

“Ni zako, Orv. Nazichukua.”

Marlys akaweka kiganja chake juu ya risasi. “Hapana.”

“Binti, mimi nimeshazeeka. Jicho lenyewe la kazi gani?”

“Hapana, Wendell.”

Ndipo Orville aliposimama, kiti kikaanguka nyuma yake. “Twende chini,” alisema. “Tutazifungua zote. Moja baada ya moja, mbele ya macho yako, Marlys. Na tukimaliza utaniomba radhi, tena kwa sauti, huyu akisikia.”

Walishuka. Orville aliwasha taa, akaumwaga mtungi ndani ya bakuli la takataka bila kunung'unika, akatoa kopo la Mchungaji na kulisimamisha mezani, peke yake, kama sheria ilivyotaka. Akaweka sahani nyeupe. Akatoa nyundo ya kufungulia, ile ya plastiki yenye tundu kichwani: risasi hutiwa humo, unagonga gogo mara moja au mbili, na kichwa kinachomoka kwa mtikisiko, baruti ikamwagika bila kudhuru mtu. Mikono yake haikutetemeka. Chochote kilichokuwa kikiliwa na kutu, haikuwa mikono.

Alianzia upande aliomalizia kujaza, kwa sababu ndio uliokuwa karibu naye. Akagonga. Vijiti vya kijivu vikadondoka sahanini. Akachota vingine kutoka katika kopo, akaviweka kando, akashika kioo cha kukuzia.

“Tazama.”

Marlys akatazama. Urefu uleule, rangi ileile.

“Huyo nani?”

“Mchungaji,” akasema Marlys.

“Sema tena, Wendell ana masikio mabovu.”

“Mchungaji, Baba.”

Akagonga nyingine. Mchungaji. Nyingine. Mchungaji. Baada ya safu ya kwanza hasira yake ilikwisha kugeuka kuwa kitu kingine, kitu cha zamani na cha furaha, na alianza kuzungumza kama alivyozungumza Marlys alipokuwa msichana, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumsikiliza.

“Unajua kwa nini nilimchagulia Wendell hii? Siyo kwa nguvu. Ziko zenye nguvu kuliko hii. Lakini huyu bwana analaza bunduki yake kwenye lori usiku kucha, asubuhi chuma kimekuwa barafu. Baruti nyingine ikipigwa na baridi inabadilika tabia. Hii haibadiliki. Halafu, ona, inajaza ganda mpaka karibu na shingo. Ukipitiwa ukaitia mara mbili, inamwagika mezani, unajiona mwenyewe. Inakusema. Wajinga wanachagua baruti kama wanachagua mbwa wa kupigana. Unatakiwa umfikirie mtu. Na Wendell siyo mtu wa kufikirika sana, lakini nilimfikiria.”

“Mke wangu hajawahi kunifikiria hivyo,” alisema Wendell.

“Mkeo amekufikiria, akaamua aache.”

Wakacheka wote watatu. Marlys alicheka pia, na machozi yalikuwa karibu. Kilima cha vijiti sahanini kilizidi kukua, kijivu kimoja tupu, na kila nyundo ilipogonga alijihisi mdogo zaidi na mwenye furaha zaidi. Alikuwa amekosea. Hakuwahi kutamani kukosea kama alivyotamani siku ile, na sasa alikuwa amepewa. Alikuwa tayari kuomba radhi kwa sauti, hata kwa kupiga magoti.

Ilipobaki safu moja, Wendell aliweka mkono wake juu ya nyundo.

“Inatosha, Orv. Hizi niachie. Sijawahi kufyatua zaidi ya mbili msimu mzima, na hiyo ya pili ni ya kusherehekea.”

“Niwie radhi, Baba,” alisema Marlys. “Niwie radhi kabisa. Tuishie hapa.”

Na angeishia pale kama angekuwa mtu mwingine. Lakini Orville alikuwa ameusukuma kando mkono wa Wendell, macho yanamng'aa. “Hapana. Binti alitaka kuona. Aone mpaka mwisho.”

Akagonga. Vijiti.

Akagonga inayofuata. Vijiti vikadondoka, na kati ya vijiti vipande bapa, vichache, kama pilipili manga katika wali.

Alikipeleka kioo karibu, akakishusha, akaifuta sahani kwa kiganja mpaka ikawa nyeupe tena. Akachukua inayofuata. Aligonga polepole, mara tatu, ingawa mara moja ingetosha.

Vipande bapa vitupu.

Inayofuata, vilevile.

Zilizosalia hakuzigusa. Alisimama na nyundo mkononi, akiangalia kile kirundo kidogo kinachometameta chini ya taa, na Marlys alimwona akisoma. Hapakuwa na kutu yoyote usoni mwake wakati ule. Lingekuwa jambo la rehema kama ingekuwepo.

“Nilikuwa na bastola,” alisema. “Nilikuwa najaza za bastola. Halafu nikaitwa, au nikaenda kula, sijui. Nikamwacha Gladys kwenye mtungi.” Akaitua nyundo mezani. “Nikarudi nikammiminia Mchungaji juu yake. Hizi ndizo nilizoanza nazo. Nikazipima, uzito ule, sawasawa kabisa. Nikaangalia mizani. Sikuangalia baruti.”

Wendell alikuwa ameinua mkono wake wa kulia na kujigusa shavu, pale kitako cha bunduki hukaa mtu anapolenga. Hakujua kwamba amefanya hivyo. Alipoona Orville anamtazama, akaushusha upesi na kuutia mfukoni.

“Haikutokea, Orv.”

“Usinipooze.”

“Nasema tu haikutokea.”

Orville alilifungua kabati. Akatoa makopo, moja baada ya jingine, Gladys, Mswidi, na mengine ambayo Marlys hata hakuyakumbuka majina, akayapanga mezani ubavu kwa ubavu hadi meza ikajaa. Marlys alitaka kumzuia, akashindwa. Hakuwahi kuyaona makopo yale yakiwa mezani pamoja. Ilikuwa kama kuwaona watu wa ukoo wamekusanyika, wasiokusanyika isipokuwa kwa jambo moja.

“Chukueni,” alisema baba yake. “Mimi siwezi kuyabeba yote.”

“Orv, haya mawili hata hayajafunguliwa. Ni mazima haya.”

“Leo ni mazima. Juma lijalo nitakuwa nimeyafungua.”

Wakatoka nje wote watatu, kwenye uwanja wa nyuma, ambako nyasi zilikwisha kuwa njano kwa baridi na mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima. Orville alitembea taratibu kutoka uzio hadi uzio, akimwaga kwa mzunguko wa mkono, sawasawa, bila kuacha rundo mahali, kama mpanzi. Kopo likiisha alinyoosha mkono nyuma na Marlys akamtilia jingine. Mchungaji alimwacha wa mwisho. Alilinusa kopo kabla ya kulimimina, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika, kwa kuwa ilikuwa baruti nzuri, kisha akamwaga.

“Jumamosi nitumie nini sasa?” aliuliza Wendell walipokuwa wamesimama langoni. Alikuwa amezichukua fataki zote akaziweka katika lori lake, na hakuwa na la kufanya na mikono yake.

“Dukani kuna maboksi.”

“Nichague lipi?”

“La dukani halichaguliwi, Wendell. Linanunuliwa tu.”

Jioni ile Orville alikula vizuri. Hakununa. Alisema soseji ina chumvi, akasema hata hivyo Wendell ni mtu mwema, akapanda kitandani mapema. Marlys alikaa jikoni na huzuni nzito, lakini ndani ya huzuni ile palikuwa na kitu kilichosimama wima. Hakuna aliyempokonya baba yake chochote. Alikuwa ameambiwa ukweli, akauona kwa macho yake, na akaiweka kazi yake chini kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya shahidi, kama mwanamume. Marlys alidhani kwamba jambo lile limekwisha, na kwamba limekwisha kwa heshima.

Asubuhi alisikia milango ya kabati ikigongana chini.

“Marlys! Makopo yangu yako wapi?”

Alishuka akiwa na nguo za kulalia. Baba yake alikuwa amesimama mbele ya kabati tupu, miwani imepanda kwenye paji la uso, na mezani alikuwa amepanga maganda matupu ya Wendell, yamesimama safu kwa safu.

“Kesho msimu unafunguliwa na Wendell hana hata risasi moja. Nani kaingia humu?”

“Baba.” Alimshika mkono. Aliyasema yote tena, kwa utaratibu, kama alivyoyasema ya lori: mtungi, boksi, nyundo, safu ya mwisho. “Kisha ukayatoa makopo wewe mwenyewe. Ukayamwaga nyasini. Mimi na Wendell tulikusaidia.”

“Mimi?”

“Wewe, Baba.”

“Nimwage Mchungaji? Nimwage makopo mazima? Una wazimu.” Alikwisha kuanza kupanda ngazi. “Twende. Nionyeshe.”

Akafungua mlango wa nyuma. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, bila upepo, na uwanja ulikuwa mweupe kutoka uzio hadi uzio. Hapakuwa na unyayo wala alama. Orville alisimama kizingitini na viatu vyake vya ndani, akautazama weupe ule, na Marlys akaona hasira ikimtoka usoni na kitu kingine kikiingia. Alikuwa akitafuta. Alikuwa akirudi nyuma katika siku ya jana, chumba baada ya chumba, na kila alikofungua hapakuwa na kitu. Midomo yake ililegea. Alimgeukia binti yake na macho ya mtu aliyesimama mahali na hajui amefikaje.

“Nilifanya hivyo kweli?” aliuliza kwa sauti ndogo. “Nilitaka kumuua Wendell?”

Marlys alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la kweli. Lilikuwa limefika mdomoni. Akafikiri kwamba kesho asubuhi baba yake atashuka tena, atalikuta kabati tupu, na yeye Marlys atamsimamisha tena hapa kizingitini amhukumu upya kwa kosa lilelile, na keshokutwa tena, na kila mara litakuwa jipya kwake.

“Hapana,” alisema. “Ni mimi. Niliyamwaga mimi, Baba. Niliogopa, nikayamwaga wewe umelala.”

Ilichukua muda kumfikia. Kisha rangi ikamrudia mashavuni, mgongo ukanyooka.

“Wewe!”

“Ndiyo.”

“Umeingia kwenye kabati langu?”

“Ndiyo, Baba.”

“Huna hata haya! Mama yako angekuwa hai angekupiga makofi!” Alikwisha kuishika simu ya ukutani, akaminya namba ambayo vidole vyake viliijua bila msaada wake. “Wendell? Sikiliza. Binti yangu kamwaga baruti yangu yote. Yote, nakwambia! ... Hapana, sijui kaingiwa na nini. Sina cha kukupa, bwana. Nisamehe.” Akasikiliza, akikunja uso. “Anataka kusema na wewe.”

Marlys akaipokea.

“Kwa hiyo ni wewe,” alisema Wendell.

“Ni mimi.”

“Haya. Nitakukaripia basi. Simama karibu naye asikie.” Akapandisha sauti, akamwita mwana asiye na adabu, mharibifu, mtu asiyejua thamani ya kazi ya baba yake, kisha akaliacha tusi katikati, akakata simu.

“Umeona?” alisema Orville. “Hata yeye.”

Marlys aliweka kahawa motoni. Baba yake alikaa mezani akimpa mgongo, na alipomwekea kikombe hakukigusa. Kabla ya adhuhuri alikwisha kusahau kwa nini amenuna. Aliinuka, akashuka ngazi, na Marlys akasikia milango ya kabati ikigongana.

“Marlys! Makopo yangu nani kayachukua?”

“Mimi, Baba,” akajibu kutoka juu, akaanza kushuka.